Mrehani Ulioahidiwa Maria

Mtu akiahidi kitu moyoni, anabaki na Mungu wake tu. Mama Eulalie aliahidi kwa sauti, siku ya Jumamosi, amesimama katikati ya wanawake arobaini wa chama cha Maria, na Mama Bulonza, kiongozi wao, ndiye aliyetangulia kuitikia "Amina". Ahadi ya namna hiyo haina mlango wa nyuma.

Ulikuwa mwezi wa kwanza. Shemeji yake, Papa Philémon, alikuwa amelazwa hospitali na malaria iliyoshikana mikono na tifoide, na daktari akipita kitandani haongei mengi. Eulalie akasema: "Mama Maria, ukimurudisha huyu muzee kwa nyumba, mwezi wako wa tano nitakuletea murehani yangu na maua yake yote. Sitabakisha hata kamoja."

Kila Mei wanawake wa parokia ile hupeleka maua kwenye pango la Bikira, nyuma ya kanisa, na sheria yao ni moja: maua yatoke kwako, yawe yameota mahali unapolala. Ya kununua sokoni hayapokelewi. Wenye kiwanja hupeleka waridi. Eulalie hakuwa na kiwanja. Nyumba yake imekaa kwenye mteremko wa Cimpunda, hapa Bukavu, kama mbuzi aliyesimama juu ya jiwe. Ukitoka mlangoni unapiga hatua tatu, ya nne unaangukia bati la jirani. Alichokuwa nacho ni mabidoni matano, madumu ya njano ya maji, yamekatwa nusu, yametobolewa chini kwa msumari wa moto, yamepangwa kwenye ukuta unaopata jua la asubuhi. Humo ndimo mrehani wake ulimoota.

Papa Philémon akarudi nyumbani. Maria alitimiza upande wake, na sasa ilibaki upande wa Eulalie.

Huyu Philémon ni kaka mkubwa wa marehemu Raphaël, mume wa Eulalie. Raphaël alipofariki, miaka tisa iliyopita, ndugu walishuka kutoka Nyangezi kabla udongo wa kaburi haujakauka. Mmoja alitaka kitanda, mwingine radio, wa tatu alikuwa ameshaanza kuhesabu mabati kwa kidole. Philémon hakupiga kelele. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango, mikono juu ya magoti, akasema: "Mwenye anataka bati apite kwanza juu yangu." Hakuwa mtu wa mwili mkubwa. Alikuwa mpishi wa mapadiri, mtu wa vijiko na masufuria. Lakini hakuna aliyepita. Kwa hiyo mke wa Philémon alipokufa naye, na watoto wake wako Kinshasa, Eulalie hakungoja mkutano wa familia. Alikwenda kumchukua, yeye na sanduku lake na visu vyake vitatu vilivyofungwa katika taulo. Wakaishi hivyo, wakiitana "mulamu", kama Washi wanavyowaita mashemeji, kila mtu na chumba chake na rozari yake.

Sasa alirudi kutoka hospitali, lakini kuna kitu alikiacha huko. Alikiacha ulimi.

"Ni kama ninakula majivu, mulamu," alisema siku ya kwanza.

Eulalie hakuogopa. Wagonjwa wengi ndivyo wanavyosema. Akapika sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi. Akakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mpaka wakalia mdomoni. Akakoroga uji wa mtama na soya. Alituma mtu kijiji cha Miti amletee kuku wa kienyeji, akamchemsha na mifupa yake mpaka mchuzi ukawa mzito. Muzee alitia kijiko kimoja mdomoni, akatafuna taratibu kama anayetafuna kitambaa, akakisukuma kisahani kwa adabu.

"Aksanti, mulamu. Nimeshiba."

"Umeshiba na nini? Upepo?"

"Usikasirike. Mukono yako haiko na makosa. Ni mimi."

Mwezi wa tatu walimpeleka kituo cha afya. Muuguzi mmoja kijana, Steve, alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akamwomba ashuke na kupanda tena, akidhani mizani imekosea. Kisha akamvuta Eulalie pembeni.

"Maman, ugonjwa umeisha. Damu iko safi. Sasa dawa yake ni sahani."

"Na kama anakataa sahani?"

Steve aliikunja karatasi yake mara mbili. "Akiendelea hivi, mwezi wa tano hatauona."

Njiani kurudi walipumzika mara nne. Hapo zamani Philémon alikuwa anaupanda ule mlima na kilo ishirini za unga begani, akiimba.

Mrehani wenyewe Eulalie alipewa mbegu zake na Kulthumu, jirani wa bati la chini, mjane kama yeye, mwenyeji wa Uvira, mwenye kuuza ndagala, dagaa wakavu, na kusema lolote linalomjia. Kulthumu alimletea mbegu zimefungwa kwenye pembe ya leso, nyeusi, ndogo kuliko ulezi, akamwambia: usizizike, zinyunyizie tu juu ya udongo na uzifunike kama unavyofunika mtoto wakati wa joto. Udongo mwekundu peke yake ni mzito, changanya na mchanga na mavi ya mbuzi yaliyokauka. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, usilowanishe majani. Na jioni ya baridi uingize bidoni ndani, kwa sababu mrehani ni mtoto wa Uvira, haujazoea mlima.

Kwao Kulthumu, mrehani unakaa kwenye nywele za bibi harusi, kwenye chai ya tangawizi, kwenye wali wa Idi. Kwa Eulalie ulikuwa dawa. Mtoto akikohoa, unachemsha majani na kumpa na asali kidogo. Kichwa kikijaa mafua, unainama juu ya sufuria, unajifunika kikwembe chako cha kitenge na kuvuta mvuke mpaka macho yatoe machozi. Tumbo likijaa upepo, kikombe kimoja. Mbu wakizidi, unatundika matawi dirishani. Lakini kuutia kwenye chakula! Hilo halikuwahi kumjia, kama vile hakuna mtu anayetia aspirini kwenye maharagwe.

Na tangu ahadi, hata kwa dawa hakuugusa. Aliuacha upande juu unavyotaka. Ukatoa mishale, mishale ikatoa maua meupe, nyuki wakaja kutoka sijui wapi. Eulalie alifukuza kuku, akafukuza watoto wa jirani, akakesha na mvua. Kila asubuhi akitoka misani alihesabu mishale, na moyo wake ulikuwa unafurahi.

Alasiri moja mvua ilinyesha ikakatika ghafla, jua likatoka kali, na ukuta ukaanza kutoa moshi. Philémon alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi. Eulalie alipita na ndoo, kikwembe chake kikayagusa mabidoni.

"Eulalie."

"Mulamu."

"Nani anapika basiliki?"

Akaweka ndoo chini. "Hakuna mwenye anapika kitu. Ni saa tisa."

"Basi ni nini hii inanuka?" Muzee alikuwa amefumba macho, pua yake imeinuliwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. "Ni yeye. Ni basiliki ya mapadiri."

Eulalie aliganda. Miezi miwili huyu mtu hakunusa hata vitunguu vikiungua. Akachuma jani moja la mrehani lililoning'inia chini, akalisugua kwenye vidole, akampelekea chini ya pua. Philémon aliushika mkono wake asiuondoe.

"Miaka makumi tatu na moja," alisema. "Siku ya Bwana, tomate, ail, mafuta, na hii. Kulikuwa padiri mumoja, mutu mukali, mutu wa kupigia meza ngumi. Siku nilimupikia hii sosi mara ya kwanza, akaweka kisu na kanya chini, akaanza kulia. Akasema nimemupeleka kwa mama yake." Akacheka kidogo, cheko lenye kikohozi. "Ungenipikia hii, mulamu, ningejaribu."

Ningejaribu! Neno hilo hakuwa amelisikia tangu Noeli. Alikimbilia mabidoni na sahani mkononi. Akanyoosha mkono juu ya mshale wa kwanza, na mkono ukasimama hapo. *Yote. Sitabakisha hata kamoja.* Akaurudisha. Akapapasa chini, kwenye mashina, ambako hakuna ua, akapata majani saba, madogo, ya njano kando, magumu kama ngozi. Akayachemsha na nyanya mbili.

Philémon alionja. Midomo yake ikajikunja. Alijaribu kumeza, kwa heshima, akashindwa, akatema katika kitambaa.

"Ni chungu. Hii imezeeka, mulamu." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Si kitu. Mi nilikuwa naota tu."

Akageuza uso ukutani, na kesho yake hakutoka kuketi mlangoni.

Kulthumu alisikia habari hiyo akiwa anapanga ndagala wake juani. Alipanda, akasimama mbele ya mabidoni matano, mikono kiunoni.

"Subhanallah. Dada, huu mrehani unaufuga au unauzika?"

"Unaona maua yake? Umeona mutu wa hapa mwenye murehani ya maua kama hii?"

"Naona maua, ndiyo. Na majani ninayatafuta. Mrehani ukiona umetoa kichwa, ujue unaaga. Nguvu yote imekwenda kwenye mbegu, majani yanabaki ya jina tu, tena machungu. Vichwa unavikata! Kila wiki unavikata, ndipo unakupa majani mpaka unachoka. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Ni ya Maria, Kulthumu. Nilimuahidi mbele ya watu."

Kulthumu alishusha mikono kutoka kiunoni. Bibi Maryamu anamheshimu naye, katika kitabu chao yuko. Kisha akasema polepole, bila mzaha:

"Huyo kijana wa kituo alikwambia nini? Mwezi wa tano. Basi mwezi wa tano utakuwa na maua ya kutosha, dada. Ya Maryamu, na mengine utayapeleka makaburini."

"Usiseme vile!"

"Nisiposema mimi, nani? Kuku wako?"

Eulalie aliingia ndani akafunga mlango. Hakumkasirikia Kulthumu. Alikasirika kwa sababu yale maneno alikuwa ameshayasikia ndani yake mwenyewe, tangu alipoosha kile kitambaa.

Siku mbili alitembea nayo. Akiteka maji alikuwa nayo, akipepeta maharagwe alikuwa nayo. Ukimdanganya mtu, unaweza kumwomba msamaha na kumletea kilo ya sukari. Ukimdanganya Mama wa Mungu, unampelekea nini? Na kama muzee alirudi kwa ajili ya ahadi, je, ahadi ikivunjwa, hatachukuliwa tena? Alifikiria kwenda kumuuliza padiri, lakini padiri alikuwa Mumosho kwa mafungo, na tumbo la Philémon halikuwa na subira ya kungoja mafungo yaishe.

Jumatatu, saa sita, aliketi kwenye kigoda akaanza rozari. Jumatatu ni matendo ya furaha. La kwanza, malaika. La pili, Maria anakwenda kumtembelea Elizabeti. Eulalie alikuwa amesali tendo hilo maelfu ya mara, midomo ikienda yenyewe. Siku hiyo midomo ikasimama.

Maria alisikia kwamba mama mzee ana shida, akaondoka kwa haraka, akapanda mlima. Akakaa kule karibu miezi mitatu. Miezi mitatu! Eulalie aliwaza: mwanamke haendi kwa mwanamke mwenzake mwenye tumbo kubwa akakaa miezi mitatu anatazama ukuta. Alipika. Alichota maji, akapepeta, akauliza, mama, leo ungependa kula nini? Na siku aliyotoka Nazareti, kama alikuwa na mmea mlangoni, hakusema nitangoja uchanue kwanza. Alichukua alichokuwa nacho.

"Mama," alisema Eulalie kwa sauti, chumba kikiwa kitupu, "weye uko mwanamuke. Umepikia watu. Maua yako nitakupa, lakini nitakupa leo, vile iko. Kama nimekosa, unipige mimi, usimuguse huyu muzee."

Akamalizia rozari yote, kwa sababu kuacha rozari katikati si heshima, kisha akatoka akamwita Kulthumu.

"Lete kucha zako."

Walikata pamoja. Kulthumu alimwonyesha tena: hukati ovyo kama mtu anayevuna lengalenga. Unafuata tawi kutoka juu, unatafuta mahali majani mawili yanapoangaliana, unakata juu yao kidogo, kwa kucha, si kwa kisu cha kutu. Hapo kwenye kwapa la kila jani patatoka tawi jipya; umekata kimoja, unapata viwili. Shina lililokwisha kuwa mti usilikate mpaka chini, liachie majani machache ya kupumulia. Na vijitawi visivyo na ua vitie kwenye kikombe cha maji dirishani, vitatoa mizizi vyenyewe.

Walipomaliza, mabidoni yalionekana kama vichwa vya watoto walionyolewa kwa ajili ya mba. Eulalie aliyatazama akaona aibu. Maua yote yalijaa kiganja kimoja na nusu.

Aliyafunga kwa uzi, akavaa kikwembe cha Maria, akapanda kanisani. Na kwa kuwa shetani halali, nani alikuwa pangoni akifagia majani? Mama Bulonza.

"Mama Eulalie! Leo ni siku gani? Mei tayari imefika kwako?" Akanyoosha shingo. "Na hii ni nini, ni maua ama ni sombe?"

"Ni murehani."

"Ile murehani? Ile ya kusema yote, yote?" Bulonza aliegemea ufagio. "Ee, mama. Tulingojea msitu, umetuletea chakula ya kuku." Wanawake wawili waliokuwa wanafuta vinara wakaficha midomo kwenye vitambaa.

Eulalie angeweza kueleza. Lakini aliona akianza kueleza atalia, na kulia mbele ya Bulonza ni kumpa habari ya wiki nzima.

"Ni yote," alisema. "Sikubakisha hata kamoja. Ilitakiwa kukatwa leo."

Akapiga magoti, akayaweka miguuni pa sanamu, kwenye saruji iliyolowa. Yalikuwa madogo kweli. Lakini harufu ilipanda, na Bulonza, aliyekuwa ameshafungua mdomo kuongeza neno, aliufunga, akasogea, akayasukuma kidogo kwa ncha ya kidole mahali ambapo maji hayadondoki. Akarudi kufagia.

Ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kazi.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili, kwenye makwapa ya majani, vikatokea vinundu vya kijani, kama meno ya mtoto. Eulalie aliyamwagilia mabidoni kwa kikombe, kila bidoni na kikombe chake, asubuhi tu. Aprili ya Bukavu haina huruma. Alasiri mawingu yaliposhuka kutoka Kabare alibeba mabidoni ndani moja moja, kifuani, kama anavyobebwa mgonjwa. Siku ya mvua ya mawe hakuwahi lile la tano, majani yake yakatobolewa yote.

Na Philémon alikuwa anapungua. Suruali aliifunga kwa kamba. Alikunywa chai na sukari, vijiko viwili vya uji, basi. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Eulalie zaidi. Alipeleka kimoja cha vile vikombe vya vijitawi chumbani kwake, akakiweka dirishani. Asubuhi moja alimkuta muzee amekigeuza ili upande wenye majani uangalie jua.

"Imetoa mizizi," alisema Philémon bila kuangalia. "Tatu."

Ilipofika Jumamosi ya wiki ya nne, majani yalikuwa yamejaa, mapana, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Eulalie alichuma vichwa vyote vya mabidoni mawili, akapata kisahani kizima. Alinunua nyanya zilizoiva sana, kitunguu saumu, mafuta. Aliwasha makala kwenye mbabula, jiko lake la makaa, nje, chini ya bati. Kulthumu alikuja na kigoda chake, akasema amekuja kupumzika tu.

Eulalie alitia mafuta, akatia nyanya, akatia majani yote, akafunika sufuria. Akachochea moto. Yeye mrehani alioujua ni ule wa dawa, na dawa huchemshwa mpaka maji yageuke meusi; ukitoa mapema, nguvu haijatoka. Alikaa akiangalia mvuke, akisema Salamu Maria moja baada ya nyingine.

Ndani kitanda kililia. Kisha ukuta ukasikika ukipapaswa. Kisha mlango ukafunguka, na Papa Philémon akasimama hapo, miguu mitupu, blanketi begani, macho makubwa.

"Eulalie! Unafanya nini na hiyo basiliki?"

"Ninapika."

"Unapika? Unaua! Toa kifuniko. Toa, nimesema!" Alikuwa anatetemeka, na haikujulikana kama ni udhaifu au hasira. "Miezi mitatu unailinda na kuku, leo unaichemusha kama nguo za mutoto mwenye upele!"

Kulthumu alicheka mpaka akashika kifua. "Mpishi amefufuka!"

"Na weye unacheka nini? Ulikuwa hapa, unaangalia! Nipishe hiyo kigoda."

Kulthumu akasimama upesi, akampisha. Philémon akaketi mbele ya mbabula, akachungulia sufuria, akatikisa kichwa kama daktari aliyeitwa akiwa amechelewa. "Hii tupa. Nyanya ngapi zinabaki?"

"Sita."

"Na majani?"

Eulalie alikwenda mbio kwenye bidoni la tatu na la nne. Aliporudi, muzee alikuwa ameshaagiza taulo lake, na kisu kidogo kilikuwa mkononi mwake. Kilimwelemea mwanzoni. Alikata kitunguu saumu vipande vyembamba kama karatasi, akipumzika katikati. Alitoa makala mawili kwa koleo. "Moto kidogo. Ail ikigeuka nyeusi, umepoteza." Nyanya aliziponda kwa mkono, zikaanguka kwenye mafuta, zikaimba. Sosi ilipofunga, yeye mwenyewe akaishusha sufuria chini, kwenye saruji, mbali na moto. Ndipo akachukua majani, akayachana kwa vidole, si kwa kisu, akayaangusha juu.

"Unaona? Moto imeisha. Yeye hapendi moto. Anataka tu joto ya wengine."

Akafunika. Wakangoja muda wa Baba Yetu moja. Akafunua, na ile harufu ikapanda ikajaza mteremko wote, mpaka mtoto wa bati la juu akauliza kwa sauti huko chini kunapikwa nini.

Philémon alichota kijiko. Alikipuliza. Akakitia mdomoni, akafumba macho.

Eulalie alishika msalaba wa rozari ndani ya mfuko wa blauzi. Aliangalia koo lile jembamba, lenye kamba mbili. Koo lilisimama. Likashuka.

"Chumvi," alisema muzee.

"Ee?"

"Haiko na chumvi! Mutu anapika siku ya Bwana bila chumvi?"

"Leo ni Jumamosi, mulamu. Na ni weye mwenye kupika."

"Basi leteni chumvi na muache mabishano. Na bugali iko wapi? Nitakula sosi na hewa?"

Kulthumu alikuwa ameshashuka mbio kwake kuleta bugali wa mchana. Wakamkatia kipande. Alikula hicho, kisha kingine kidogo, akaifuta sahani kwa kidole gumba, akawaambia wale na wao kabla haijapoa, na Kulthumu akala, akakiri kwa kiapo kwamba hata Uvira hawajui hivi. Haikuwa sahani ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano angeshinda. Lakini ilibaki tumboni, na saa moja baadaye ilikuwa bado iko, na muzee alikuwa amelala kwenye kiti na harufu ya kitunguu saumu mdomoni, akikoroma.

Eulalie alikwenda ukutani, akainama juu ya mabidoni kama anayeangalia wadudu. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Kulthumu alimfuata, akasimama karibu, asimguse kwanza.

"Sogea, dada," alisema. "Unayamwagia chumvi. Mrehani hauitaki."

Eulalie alicheka huku anafuta uso kwa kikwembe. Kisha akapiga magoti kwenye saruji, akalivuta karibu lile bidoni la tano, lililopigwa na mvua ya mawe, na wote wawili wakaanza kutafuta, tawi kwa tawi, mahali majani mawili yanapoangaliana.